Kidole Kwanza, Mashine Baadaye

Tulikuwa bado tumekaa matanga, kijijini kwetu Iramba, mkoani Singida, pale mtoto wa marehemu kaka yangu aliponisogezea simu yake. Kijana huyo amesomea kompyuta. Kwenye kioo niliona ndani ya utumbo wa mtu, mwekundu, unang'aa, na mara kisanduku cha kijani kikazunguka kinyama kidogo kama punje ya mtama. Kando yake mashine ikaandika aina ya kinyama hicho. "Baba mdogo," akasema, "hii ni akili mnemba. Ingekuwapo huku kwetu, baba angepona."

Sikumjibu siku ile, kwani mfiwa habishaniwi. Leo namjibu, na pamoja naye nawajibu wakubwa wanaosimama kwenye makongamano na kutuambia kwamba mashine zitatuvusha pengo la matabibu. Nasema hapana.

Kwanza tuipe mashine haki yake. Saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kiitwacho polipu, kinachoota kwenye ukuta wa utumbo. Baadhi havina madhara. Vingine, viitwavyo adenoma, huweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya haja kubwa, akavitafuta na kuvikata. Akili mnemba, iliyofundishwa kwa picha nyingi mno, humwonyesha kinyama kilipo, na nyingine humwambia ni cha aina gani, ili kisicho na madhara kiachwe bila gharama ya kukipeleka maabara. Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya kugundua polipu mwaka 2021. Ni kazi nzuri, wala sibishani nayo.

Lakini tazama, ndugu msomaji, mashine hiyo inasimama juu ya nini. Inataka mpira wenye kamera na mtu aliyefunzwa kuuongoza. Inataka umeme. Inataka mgonjwa aliyekunywa dawa ya kusafisha tumbo na lita kadhaa za maji safi, katika mkoa mkavu kama wetu. Zaidi ya yote, inataka mgonjwa aliyekwisha fika. Mashine haiwezi kumtoa mtu kijijini.

Kaka yangu aliona damu kwenye choo kwa miaka miwili. Alikwenda kituo kimoja cha afya mara tatu, na mara zote aliambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Hakuna aliyevaa glavu akampima kwa kidole. Naye kwa kuona haya hakuuliza. Nami nisijitakase: nilimtafutia mizizi ya kuchemsha, nikamwambia aache pilipili. Alipofikishwa hospitali kubwa, uvimbe ulikutwa mwisho kabisa wa utumbo, mahali ambapo kidole cha tabibu kingeufikia. Alikuwa na miaka 47.

Wapo wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Maneno hayo yana asili yake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko hadi miaka ya 1960, aliona kwamba saratani hii ilikuwa adimu kwa Waafrika, akahusisha jambo hilo na chakula chetu chenye nyuzinyuzi nyingi. Bila shaka ugali wetu wa uwele na mlenda ungemfurahisha. Kosa ni letu sisi tulioigeuza hoja yake kuwa hirizi. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha habari za wagonjwa 332 wa saratani hii. Umri wa katikati ulikuwa miaka 46, na wengi walifika wamechelewa. Uingereza huwaita watu kupimwa wakifika miaka 50. Tukiiga utaratibu huo kama ulivyo, zaidi ya nusu ya watu kama hao watakuwa wameugua kabla ya kuitwa.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti kutoka vituo vinne vya Poland. Madaktari wazoefu walikuwa wakigundua adenoma katika asilimia 28 ya vipimo kwa macho yao wenyewe. Baada ya vituo hivyo kuanza kutumia akili mnemba, vipimo walivyofanya bila msaada wake viligundua asilimia 22. Utafiti mmoja si hukumu, lakini ni onyo. Ikiwa mwenye ujuzi anaweza kuupoteza, itakuwaje kwa sisi ambao ujuzi wenyewe hatujaujenga? Siku umeme utakapokatika, tutabaki na nini?

Tena, kichocho cha tumbo, ambacho kimezagaa kandokando ya Ziwa Victoria, huweza kuotesha vinyama utumboni. Atakayetuletea mashine iliyofundishwa kwa matumbo ya Ulaya na Japani hana budi kuijaribu kwanza kwa vinyama vya kwetu, kabla ya kuiruhusu itamke kwamba hiki kiachwe.

Ninachodai si kikubwa. Kila anayelalamika kutokwa na damu apimwe kwa kidole siku hiyohiyo. Zahanati zipewe kile kipimo chepesi cha kutafuta damu isiyoonekana katika choo. Wafunzwe watu wa kushika mpira. Wachungaji, mashehe na walimu walitamke neno choo bila kuona haya. Hayo yakiwapo, mashine na ije, tutaipokea kwa mikono miwili.

Ndugu wa damu wa mgonjwa yumo katika hatari kuliko wengine, kwa hiyo nami nilikwenda kupimwa. Niliona haya, sikatai. Kipimo cha kidole hakikuzidi dakika mbili, kisha nikaandikiwa kipimo cha kamera. Mwanangu, baba yako alisubiri miaka miwili, na dakika hizo mbili hakupewa.