Ualimu ni Wito? Kawaambie Walimu wa Delta

Haya jamani, leo naomba niwaudhi kidogo. Kuna maneno matatu ambayo nikiyasikia mkutanoni natamani nikusanye kalamu na kinasa sauti changu niondoke zangu: "Ualimu ni wito." Mara nyingi anayeyasema si mwalimu. Ni mheshimiwa aliyeshuka kwenye shangingi dakika kumi zilizopita. Anapigiwa makofi, anasaini posho ya kikao, anaondoka. Mwalimu anabaki na wito wake.

Twende Kibiti. Si mbali, kutoka Dar hata kilomita 150 hazifiki, lami tupu barabara ya Kilwa. Kisha acha lami, shika njia ya Nyamisati, panda boti uingie delta ya Rufiji, kwenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Msala, Kiongoroni, Mbuchi, Maparoni, hizo ni kata za Tanzania hii hii, zina shule na zina watoto. Huko safari haipangwi kwa saa, inapangwa kwa maji kupwa na maji kujaa. Mwalimu akitaka kufuatilia madai yake halmashauri anahesabu nauli ya boti, ya bodaboda, ya gari, na pa kulala. Deni lenyewe linaweza kuliwa na safari ya kulidai. Na mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliyozamisha nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti hayakuuliza nani ana wito na nani hana.

Sasa juu ya hayo yote, elimu inabadilika. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza. Kiingereza kinaanza darasa la kwanza. Shule ya msingi inatoka miaka saba kwenda sita, elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, na sekondari ina mkondo wa amali. Mimi sipingi. Nauliza tu, nani alimwandaa mwalimu wa delta? Upo mpango wa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, ambapo walimu wanafundishana shuleni kwao. Wazo zuri sana. Lakini shule ikiwa na walimu watatu, na mmoja yuko safarini anasubiri maji yajae, hiyo jumuiya ya ujifunzaji ni watu wangapi?

Kazi kubwa zaidi iko mbele. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka huo huo waliowatangulia wanamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Tuliwahi kuona sinema hii. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 tulijaza watoto madarasani kwanza, walimu tukawatafuta baadaye. Miaka ya 2000 tukajenga sekondari za kata, tukachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, tukawapa mafunzo ya chapuchapu, kisha tukawacheka kwa kuwaita vodafasta. Aibu ilikuwa yao au yetu?

Najua mtakaponijibu. Serikali imefuta ada, imejenga madarasa. Kweli, na pongezi zao. Ila darasa halifundishi. Mtasema pia vijana wa siku hizi hawana uzalendo, wakipangiwa kijijini wanakimbia. Haya, mbona jirani zetu Kenya kwa miaka mingi wamewalipa walimu wa maeneo kama Lamu posho ya mazingira magumu? Wao hawana wito? Wanajua tu kwamba wito haulipi nauli ya boti.

Kinachoniuma zaidi ni ule mzaha wa maofisini, eti mtumishi mkorofi "apelekwe delta". Hebu usikilize tena. Unampeleka mwalimu kwa watoto wa watu kama adhabu, halafu unashangaa watoto wakifeli. Mtoto wa Msala amekosa nini hata awe jela ya mtu?

Mnataka kumtia moyo mwalimu? Acheni hotuba. Nyumba yenye maji yasiyo ya chumvi. Boti ya walimu. Posho ya mazingira magumu iliyoandikwa kwenye sheria, isiyotegemea huruma ya mtu. Wakufunzi wa mtaala wapande boti wamfuate yeye. Na ahadi ya maandishi kwamba akitumikia delta miaka kadhaa, uhamisho ni haki yake.

Na sisi tuliosoma tusijitoe. Mwaka 2008 na tena 2012 migomo ya walimu ilizimwa mahakamani, wengi wetu tukalalamika kwamba wanachezea watoto. Mabomu ya machozi yakipigwa chuo kikuu tunapiga kelele nchi nzima. Mwalimu aliyetufundisha kusoma hizo habari akidai chake, tunamkumbusha wito.

Tafakari. Halafu mpigie simu mwalimu wako wa darasa la kwanza, kama bado yupo.