Si Kazi ya Mamako Kufuta Klipubodi

Wasee, leo niko na hasira, na hasira yenyewe ni ya saiba.

Tarehe 30 Juni ikikaribia, kila mtu anakimbilia marejesho ya KRA. Maombi ya KUCCPS yakifunguliwa, ni foleni tena. Hapa Kipkelion wengi hawana kompyuta nyumbani, kwa hivyo ni saiba. Mama anakaa, anakopi nambari ya kitambulisho, anakopi pasiwedi ya eCitizen kutoka kwa imeli, anapesti, analipa, anaenda zake. Anayefuata anakalia kiti kikiwa bado na joto. Akibonyeza Ctrl na V, pasiwedi ya mama inaweza kutokea hapo mbele yake. Hajadukua chochote, amepesti tu.

Ukilalamika, wajuaji wanakuambia, "Si angelogout?" Apana. Kulogout kunafunga akaunti, hakufuti klipubodi, yaani ile sehemu kompyuta inaweka kitu ukishakopi. Hiyo haionekani kwa skrini. Mnataka mama asafishe kitu hajawahi kuambiwa kiko? Acheni kulaumu mteja. Kusahau iwe kazi ya mashine.

Na si eti haiwezekani. KeePassXC, programu ya kutunza pasiwedi, hufuta ulichokopi baada ya sekunde 10 bila wewe kuigusa. Android 13 ya 2022 ilikuja na kujifuta kwa klipubodi baada ya muda. Mwaka 2020, iOS 14 ilipoanza kuonyesha programu gani inachungulia klipubodi, TikTok ilipatikana ikisoma. Kampuni kubwa zinajua hii shida. Kompyuta ya saiba ndiyo imesahaulika.

Suluhisho ni apuleti ndogo kwa paneli ya Linux, pale chini karibu na saa. Ukikopi, inahesabu sekunde 30, inafuta. Ukikopi kitu kingine, inaanza kuhesabu upya. Unaandika barua na unataka kopi ikae? Bonyeza ikoni, ingoje. Apuleti za Cinnamon, ile desktopu ya Linux Mint, huandikwa kwa JavaScript. Kazi ya kufuta yenyewe ni amri moja: xsel -bc kwa X11, ama wl-copy --clear kwa Wayland. Mimi niliacha chuo, so usiniambie hii inataka digrii.

Lakini fanya kazi safi. Linux ina klipubodi mbili: ile ya Ctrl na C, na ile ya maandishi uliyochagua tu na mausi, ambayo kitufe cha katikati hupesti. Futa zote mbili. Halafu kuna programu zinazoweka historia ya kila ulichokopi, kama Klipper ya KDE. Ukifuta klipubodi na historia ibaki, umefagia sebule na taka umeiweka nyuma ya mlango. Kwa mashine ya saiba, historia izimwe kabisa.

Najua mtasema saiba nyingi ni Windows. Sawa. Windows 10 iliishiwa na msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu haziwezi kubeba Windows 11. Mwenye saiba lazima aamue kitu, na Mint ni ya bure. Akihamia huko, apuleti iwe inamngoja.

Na kama huruma haikusukumi, kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ulinzi ujengwe ndani ya mfumo tangu mwanzo, si kibandiko ukutani cha "chunga mali yako".

Sasa nyinyi makoda wa Twitter, kila wiki mnazindua programu ya kuandika manukuu ya Instagram. Nani aliwaomba? Chukueni wikendi moja mjenge hii, muiweke wazi kila mtu aikague, muipeleke kwa saiba ya mtaa wenu na flashi.

Wewe mwingine, kabla uinuke kwa kiti cha saiba, kopi neno lolote la upuzi ili pasiwedi ifunikwe. Lakini hiyo haifuti historia, so ni plasta tu. Muulize mwenye saiba hii swali, na uulize kwa sauti wengine wasikie: "Hii mashine husahau?"