TAARIFA YA TAWI: TUANZE NA RUFAA, MAANDAMANO YANGOJE



Tangu Jumatatu kundi limejaa picha za tingatinga na ule ua wa mabati, na mnauliza mbona tawi liko kimya. Tulikuwa tunatafuta nakala ya kibali. Tumeipata. Kimetolewa tarehe 3, ghorofa 9, na hatujapata mkaazi hata mmoja wa mtaa huu aliyeona tangazo kabla ya siku hiyo.

Kuna wanaotaka maandamano Ijumaa, na kuna wanaotaka tuchange tumlipe wakili twende kortini moja kwa moja. Yote mawili tunayapinga kwa sasa, na sababu yetu ni kalenda.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 61, inampa aliyeathirika siku 14 tangu uamuzi kutolewa, akate rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mambo hayo. Kamati nayo ina siku 14 kuamua. Asiporidhika ndipo aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukiruka ngazi hiyo, swali la kwanza utakaloulizwa kortini ni kwa nini hukuanzia kule, na kesi inaweza kuishia mlangoni kabla hujataja kisima wala maji taka. Leo ni tarehe 11. Hesabuni wenyewe.

Pia tuchunge tutakachoandika. Jumbe nyingi hapa zinasema jengo ni baya, litaziba upepo, mwenyewe si wa hapa. (Hilo la mwisho tafadhali lifuteni, litatuaibisha.) Korti haipangii kaunti jengo gani lisimame wapi. Inaangalia uamuzi ulivyofikiwa: umma ulijulishwa? Pingamizi zilipokewa? Sababu zilitolewa kwa maandishi, kama Kifungu cha 47 cha Katiba kinavyotaka?

Kumbukeni Lamu. Mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa na leseni ya NEMA tangu 2016 na serikali kuu nyuma yake. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni hiyo. Hoja nzito ilikuwa kwamba mikutano na wananchi ilifanywa kabla ripoti ya athari kuwa tayari, kwa hiyo watu hawakupata nafasi ya kuijadili ripoti yenyewe. Kampuni iliambiwa ikitaka kuendelea ifanye tathmini upya. Wavuvi na wakaazi walishinda kwa barua na tarehe.

Sasa lile ambalo wengi mnalinong'ona. Ndiyo, tumepigiwa simu. Tumeambiwa kaunti ni ya chama chetu na tawi halifai kuishtaki. Kaunti ni yetu kweli, tuliipigia kura na tungali nayo. Lakini kibali cha ujenzi hakikupitishwa na chama, na rufaa ni njia iliyowekwa na sheria kwa mtu yeyote, mwanachama au la. Tukinyamaza, majirani zetu wataenda bila sisi, kisha mwaka wa kura tutabisha milango ile ile.

Mafundi wetu wanaosema kibarua ni kibarua hawakosei. Hatuombi kiwanja kibaki kitupu. Tunaomba ghorofa 9 zielezwe maji taka yake yataenda wapi, ilhali nyumba za nyuma zinakunywa maji ya visima.

Kutia sahihi ni Jumamosi tarehe 14 baada ya Asr, ukumbi wa tawi. Njooni na kitambulisho. Wenye visima leteni picha, na mpime hatua kutoka kisimani hadi kwenye ua. Rufaa itawasilishwa Jumatatu tarehe 16. Mwisho kwa hesabu yetu ni tarehe 17, lakini hatutaki kubishana na karani kuhusu siku moja. Ada itatoka kwenye hazina ya tawi na risiti itawekwa hapa.

Katibu wa Tawi