Trekta dogo la kuchimba na kupakia: mnunuzi wa Afrika Mashariki apime nini kabla ya kulipa?

Mkulima mwenye ekari kumi au thelathini anayetaka kuchimba bwawa, mtaro wa bomba na shimo la samadi, kisha kupakia mbolea kwenye tela, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuajiri vibarua wenye majembe na sururu, anaweza kukodi mtambo mkubwa wa kujengea barabara, au anaweza kununua trekta dogo lenye ndoo ya kupakia mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Njia ya tatu huvutia wengi, kwa sababu mashine moja inaahidi kufanya kazi za mashine tatu. Ndiyo pia inayoweza kumwingiza mtu katika deni la miaka endapo atachagua kwa macho badala ya hesabu.

Matrekta hayo huingia katika kanda hii kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mengine hubaki Kenya na Tanzania, na mengine huendelea kwa barabara hadi Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024, Jumuiya hiyo ina wanachama wanane. Soko limepanuka, lakini umbali kati ya mnunuzi na fundi anayeijua mashine yake nao umeongezeka.

Ukubwa wa kazi kwanza

Wauzaji hupenda kutaja nguvu za injini. Kwa mnunuzi, maswali yenye maana zaidi ni mkono unafika kina gani, na ndoo ya mbele inainua uzito gani.

Katika daraja la chini kabisa yapo matrekta kama Kubota BX23S, yenye injini ya nguvu za farasi zipatazo 21. Mkono wake huchimba kina cha takriban mita 1.8, na ndoo ya mbele huinua uzito usiofika kilo 350. Katika daraja la kati yapo kama Kubota L47, lenye nguvu za farasi zipatazo 47 na mkono unaofika kina cha takriban mita 3. Juu yake ndipo inapoanza mitambo kamili ya ujenzi, kama ile ya 3CX ya kampuni ya JCB ya Uingereza, iliyoanza kutengeneza mitambo ya aina hii mwaka 1953. Mtambo huo una uzito wa tani zipatazo 8 na huchimba zaidi ya mita 4.

Mfano wa bwawa unaonyesha tofauti hiyo. Bwawa la mita 20 kwa 10 lenye kina cha mita 2, kama kuta zake zimesimama wima, lina mita za ujazo 400. Ikichukuliwa kwamba mkono mdogo una ndoo ya lita 60 na unatupa ndoo mbili kwa dakika bila kupumzika, zitahitajika ndoo zaidi ya 6,600, yaani karibu saa 56 za kazi. Mtambo mkubwa wenye ndoo ya lita 250, kwa mwendo uleule, utamaliza kwa saa 13 na dakika 20. Udongo hutanuka ukichimbuliwa na dereva naye huchoka, kwa hiyo muda halisi huwa mrefu zaidi kwa mashine zote mbili. Uwiano wake, hata hivyo, haubadiliki sana.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Anayehitaji bwawa moja tu hana sababu ya kununua mashine ndogo. Kukodi kubwa kwa siku mbili kutamgharimu kidogo kuliko hata usafiri wa kuagiza trekta kutoka ng'ambo. Trekta dogo hulipa pale kazi ndogo zinapojirudia kila wiki: mtaro wa mita moja wa bomba la maji, kung'oa visiki, kupakia samadi, kusawazisha njia baada ya mvua, kupita kati ya mistari ya migomba au kahawa ambako mtambo wa tani 8 ungekanyaga kila kitu.

Mkono umefungwa wapi?

Yapo matrekta yaliyotengenezwa kiwandani yakiwa na ndoo na mkono, na yapo matrekta ya kawaida ya kulimia yaliyofungiwa mkono baadaye. Kwa mbali hayatofautiani, lakini kuna jambo moja chini ya trekta ambalo mnunuzi anapaswa kuinama na kulitazama.

Mkono ulioning'inizwa kwenye nyuzi tatu za nyuma, zile za kubebea plau, husukuma nguvu zote za uchimbaji kwenye sehemu ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo. Matokeo yake yanaweza kuwa ufa kwenye nyumba ya gia, na tengenezo la namna hiyo humaanisha kulikata trekta vipande viwili. Mkono ulio salama hufungwa kwenye fremu ya chuma inayopita chini ya trekta hadi mbele, ili nguvu igawanywe. Muuzaji akishindwa kuionyesha fremu hiyo, bei nafuu haina maana.

Usalama wa dereva nao ni sehemu ya bei. Ndoo ya mbele iliyojaa na kuinuliwa juu hufanya trekta dogo kuwa jepesi kupinduka kwenye mteremko, na vilima vya Kigezi, Kilimanjaro au Kivu havisamehe. Upinde wa chuma wa kumkinga dereva pamoja na mkanda ni vitu vya lazima, mzigo ubebwe chini, na nyuma kuwe na uzito wa kulinganisha. Kwenye mitaro, mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Ukuta ukimwangukia mtu aliyeinama ndani, haponi kwa urahisi.

Trekta lililotumika kutoka Japani

Bei ya matrekta yaliyotumika kutoka Japani inavutia, na mengi yana saa chache za kazi. Hata hivyo, mengi yalitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Japani kwenyewe, si kwa ajili ya kuuzwa nje. Namba zake za modeli na baadhi ya vipuri hutofautiana na yale ambayo mawakala wa kampuni hiyohiyo huyauza katika nchi nyingine. Maandishi ya tahadhari huwa ya Kijapani, na mengine hayana upinde wa kumkinga dereva.

Suala hili lilifika mahakamani Marekani. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya huko iliunga mkono zuio la kuingiza matrekta ya Kubota yaliyotumika ambayo yalikusudiwa soko la Japani. Moja ya hoja ilikuwa kwamba maelekezo na tahadhari zake hazikuwa katika lugha ya mtumiaji, na mnunuzi angeweza kudhani anapata bidhaa ileile yenye huduma ileile. Afrika Mashariki haifungwi na hukumu hiyo, lakini somo lake linahusu: jina lililoandikwa kwenye boneti si hakikisho la vipuri.

Mashine mpya kabisa kutoka Marekani au Ulaya nazo zina mtego wake. Nyingi zenye injini ya zaidi ya kilowati 19 zina kichujio cha moshi kinachotaka dizeli yenye salfa kidogo sana, sehemu 15 kwa milioni au pungufu. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikubaliana kuhamia kiwango cha sehemu 50 kuanzia mwaka 2015. Mnunuzi aulize ni dizeli gani inayouzwa kwenye kituo anachokitegemea, na aijumlishe ile ya kwenye madumu inayouzwa vijijini.

Karatasi za forodha

Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya, matrekta ya kilimo hutozwa asilimia sifuri ya ushuru wa forodha. Ushuru sifuri, hata hivyo, haumaanishi kwamba mzigo hautozwi kitu. Kodi ya ongezeko la thamani, ada za tamko la uagizaji na tozo za reli au miundombinu hutegemea sheria ya kila nchi, na hubadilika kwa bajeti za kila Juni.

Swali kubwa zaidi ni mashine imeandikwa nini. Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji, matrekta yako kwenye kifungu 8701, na tangu mwaka 2017 yamegawanywa kwa nguvu ya injini: hadi kilowati 18, ambazo ni kama nguvu za farasi 24, kisha hadi kilowati 37, kama nguvu za farasi 50, na kuendelea. Mitambo ya kuchimba na kupakia inayojiendesha iko kwenye kifungu 8429. Vifaa vya kufunga na kufungua vilivyokuja na trekta huainishwa peke yake, hata kama vimefungwa juu yake siku ya kushushwa melini. Ankara inayosema tu "trekta moja na vifaa" humwachia ofisa wa forodha kazi ya kukisia, na kila siku ya mabishano bandarini ni gharama ya kuhifadhi mzigo.

Mnunuzi wa nchi jirani akumbuke jambo lingine. Tangu kuanza kwa Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, kodi za mzigo unaovuka hulipwa kwa nchi unakokwenda ungali kwenye bandari ya kwanza. Trekta la Japani lililokaa Mombasa mwaka mzima halijageuka bidhaa ya Kenya. Anayelinunua Nairobi ili alipeleke Arusha au Mbale bado ana hesabu na mamlaka ya mapato ya kwao. Na mwenye trekta anayealikwa kuchimba upande wa pili wa mpaka kwa wiki moja anahitaji kibali cha kuingiza kwa muda. Kuvuka kwa njia ya panya kunaweza kumpotezea mashine yote.

Hesabu ya mwisho

Hesabu inayobaki ni fupi. Bei ya kununua na kusafirisha, pamoja na matengenezo ya miaka mitano, igawanywe kwa saa ambazo mashine itafanya kazi kweli. Jibu lilinganishwe na bei ya kukodi kwa saa pale kijijini, mafuta na dereva vikihesabiwa pande zote mbili. Likizidi, kukodi ni bora, au wakulima watano wanunue moja kwa jina la ushirika wao na waandike mapema nani anapaka grisi, nani anaendesha na nani analipa mpira wa haidroliki ukipasuka.

Likipungua, kabla ya kutuma fedha apigiwe simu muuza vipuri wa mji ulio karibu, aulizwe kama ana chujio la mafuta, sili za silinda na meno ya ndoo ya modeli hiyo. Jibu lake lina uzito kuliko picha zote za muuzaji.