Mche Uulizwe Kwao Kwanza

Mvua zikianza, miche inagawiwa huku Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo. Inashushwa kutoka kwenye lori ikiwa katika vifuko vyeusi vya plastiki, viongozi wanapanda michache, picha zinapigwa. Hatupingi kupanda miti hata kidogo. Tunachouliza ni nani aliyeichagua miti hiyo, na aliichagua kwa kujua nini.

Tuanze na mkaratusi. Umetoka Australia, na leo vilima vya Butembo huwezi kuvifikiria bila huo. Umetupa nguzo, mbao na makaa, na wazazi wengi wamelipa karo za watoto kwa kuuza mikaratusi. Lakini ingia chini yake, pale ilipopandwa kwa kubanana, uangalie miguuni: majani makavu, magome yaliyobanduka, majani mabichi ya kuhesabu kwa vidole. Hilo ni shamba la kuni. Ni shamba zuri, lina faida yake, ila tusiliandike kwenye ripoti kama msitu uliorudi.

Si kila mgeni ni mvamizi. Muhogo, maharagwe na kakao asili yake ni Amerika, na hakuna atakayetuambia tuving'oe. Mkinini unaotupa fedha huku Butembo na Lubero nao ulitoka huko. Kwetu hauna ugomvi na mtu, ilhali kwenye visiwa vya Galápagos umekuwa balaa, umefunika nyanda za juu na kusonga mimea ya asili. Ni jamii ileile ya miti.

Hata miti yetu hufanya hivyo ugenini. Musizi, kama Waganda wanavyouita, ni mti wa misitu ya Kongo na Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipelekwa Amani, Usambara Mashariki, Tanzania, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Miaka mingi baadaye ukapandwa kwa wingi mahali palipokatwa mbao. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakabeba mbegu mpaka katikati ya msitu, na kila pengo la jua lilipofunguka musizi ukawahi. Wanaikolojia kama Pierre Binggeli na Alan Hamilton walipokwenda kupima na kuhesabu katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba mti uliopandwa kwa nia njema ulikuwa unaugeuza msitu wenye mimea isiyopatikana kwingine duniani. Waliokuwa wameupanda hawakuwa wajinga. Walikuwa hawajapata mtu wa kuwaambia.

Mtu wa namna hiyo sisi tunaye. Ukishika barabara ya Mangina, Biakato na Mambasa unafika Epulu, kwenye Hifadhi ya Okapi, ambako tangu 1994 miti imehesabiwa mmoja mmoja katika viwanja vya utafiti vyenye jumla ya hekta 40. Corneille Ewango, Mkongomani mtaalamu wa mimea, alikuwa kazini hapo vita vilipofika. Wakubwa wengi waliondoka, yeye alibaki. Aliokoa mkusanyo wa mimea mikavu, akaficha kompyuta na takwimu, na yeye mwenyewe akalazimika kujificha msituni. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Tuzo tuiweke kando, tutazame hesabu. Ewango alizichunguza kamba za msituni, zile zinazopanda miti mikubwa kutafuta jua. Mwaka 1994 zilikuwa mashina 750 kwa hekta. Mwaka 2001 zilikuwa 547. Mwaka 2007, 499. Iliyopungua kuliko zote ni kusa, kamba ambayo Wambuti husokotea nyavu za kuwindia. Mabadiliko hayo mtu hawezi kuyaona kwa safari ya wiki mbili. Yalionekana kwa sababu hesabu ya 1994 haikuchomwa wala kuibwa, na kwa sababu watafiti walirudi kwenye viwanja vilevile, mpaka Ewango akaandika tasnifu yake ya udaktari Wageningen, Uholanzi, mwaka 2010. Kutoka hesabu ya kwanza hadi ya mwisho ni miaka 13, na vita katikati.

Hesabu kama hiyo inahitajika hata kwetu Beni, ambako mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 yamewafukuza watu mashambani. Shamba likiachwa halikai wazi: linaota kitu. Kitu hicho kinaweza kuwa msitu unaorudi, au kichaka cha mimea ya kigeni ambacho mwenye shamba atakapojaliwa kurudi atakikata kwa panga miaka mitatu. Kuvitofautisha ni kazi ya mtu aliyesomea mimea, na vyuo vya kilimo tunavyo hapa hapa Butembo. Wanafunzi wao wapewe viwanja vya kudumu, kimoja karibu na Butembo na kimoja karibu na Beni, pale usalama unaporuhusu, na wapewe fedha za kurudi kila mwaka. Siyo fedha za semina.

Na anayegawa miche, awe serikali, shirika au kanisa, abandike kwanza orodha kwenye ubao wa komini: jina la mti, kwao ni wapi, unaenezwa na ndege au na upepo, na mtaalamu gani ameukubali. Mvua za Septemba ni msimu mzuri wa kuanza.