Pilipili za Fungu Moja
Pilipili mbuzi za fungu moja pale soko la Mgandini, Tanga, hazilingani: moja hunukia tu kwenye mchuzi wa samaki, nyingine humtoa mlaji machozi. Asilaumiwe muuzaji. Ukali hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, nayo hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, si ndani ya mbegu kama tulivyozoea kuambiwa jikoni. Mche ulioonja kiu mara nyingi huzaa kali kuliko ulionyweshewa vizuri, na hata matunda ya mche mmoja hutofautiana. Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville alipima ukali kwa ndimi za watu. Mpishi naye aonje kila pilipili kabla ya kuitia. Anayeuogopa moto aondoe utando.