Kompaila moja haitoshi

Mwaka jana nilipata sifuri kwenye kazi ya vitendo ya C. Kwenye laptop yangu ya Windows ilikuwa inakwenda vizuri tu. Maabara wana Ubuntu na GCC, na GCC ikagoma pale pale juu: conio.h haipo.

Na mimi niliandika nilivyofundishwa, clrscr() mwanzoni, getch() mwishoni. Kumbe hayo si C. Ni mambo ya kompaila za DOS, hayamo kwenye kiwango rasmi cha lugha kilichopitishwa Marekani mwaka 1989. Turbo C ya Borland tunayoing'ang'ania ilitoka 1987, kabla hata ya kiwango chenyewe! Kwenye Windows ya biti 64 haiwaki mpaka uiwekee DOSBox. Jamani, tunaigiza kompyuta ya zamani ili tujifunze kazi ya leo?

Tena afadhali kosa la conio.h, maana linapiga kelele. Baya ni linalonyamaza. Chukua int mbili, kila moja 200, uzizidishe. GCC inakupa 40,000. Turbo C, ambayo int yake ni biti 16 na inaishia 32,767, inakupa -25,536. Weka hapo hesabu ya ada uone. Na msidhani ni ugonjwa wa wazee tu: hata leo long ni biti 32 kwenye Windows na biti 64 kwenye Linux ya biti 64.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague kompaila gani, nasema mbili. GCC ipo Linux, na kwenye Windows unaipata kupitia MinGW. Clang ndiyo Apple wanayowapa wenye Mac, na inapatikana kwingine pia. Zote bure. Ziambie unafuata kiwango gani, -std=c11 -pedantic -Wall, halafu usome maonyo yake yote. Ukitaka namba isiyobadilika ukubwa, tumia int32_t ya stdint.h.

Najua walimu watasema noti zipo na Turbo C ni nyepesi. Nasoma ualimu, kuandika noti upya kunauma. Lakini nikipangiwa shule yenye kompyuta kumi za msaada, si mimi nitakayechagua zije na Windows au Ubuntu.

Muhula ujao kazi za vitendo zisahihishwe kwa GCC na Clang, na tuambiwe hivyo wiki ya kwanza, si siku ya kukusanya.